Ripita ikikata maneno, anza na waya wa betri

Nafunga na kutengeneza redio koli hapa Kisumu. Wateja wangu wengi ni kampuni za ulinzi, na wengine wako kwenye mashamba ya miwa upande wa Muhoroni na Chemelil. Lalamiko ninalopigiwa simu zaidi ni hili: "Fundi, ripita (ile mashine inayopokea sauti ya redio moja na kuirusha tena ifike mbali) inakata. Neno la kwanza linapita, la pili linapotea." Kufikia hapo mteja ameshalaumu antena, mvua, hata vilima vya Nandi. Mimi humuuliza betri iko umbali gani na ripita, na imeunganishwa kwa waya gani.

Ripita ya wati 50 ikiwa inasikiliza tu hula kama nusu ampea hadi ampea moja. Askari mmoja akibonyeza redio yake huko getini, inaruka hadi ampea 10 au 12 kwa volti 13.8. Zinazotoka kwenda antena ni zile wati 50. Nyingi zilizobaki ni joto, na ndiyo sababu mgongo wa mashine umejaa mapezi ya chuma. Watu huogopa volti 240 za ukutani wakazinunulia waya mnene, halafu upande wa betri, kwa kuwa haupigi mtu shoti, wakaweka kipande chochote kilichobaki. Ni kinyume kabisa. Mzigo huo huo ambao betri inautolea ampea 11, ukutani hauli hata ampea moja.

Hesabu yake haihitaji kompyuta. Chukua mita za waya, kwenda na kurudi, zidisha kwa ampea, zidisha kwa 0.018, kisha gawanya kwa unene wa shaba katika milimita za mraba. Jibu ni volti zinazopotea njiani. Tuseme betri iko mita 8 kutoka kwa ripita na fundi ametumia waya wa 2.5, ule wa soketi za nyumba. Mita 16 kwa ampea 11 zinakupa hasara ya karibu volti 1.3. Stima zikiwapo na chaja inasukuma 13.8, hutaona kitu. Stima zikipotea na betri ikashuka hadi 12.2, ripita inabaki na 10.9. Baadhi ya ripita hapo hujizima. Ikijizima mzigo unaondoka, volti zinapanda, inawaka tena, inajizima tena. Waya wa 10 ungepoteza volti 0.3 tu. Lakini mimi husogeza betri kwanza: mita moja ya waya wa 6 ni nafuu kuliko mita 8 za waya wa 10.

Ndiyo maana kupima betri ikiwa imetulia hakukusaidii. Utaona 12.4 na kusema iko sawa. Weka mita ya kupimia volti pale waya za betri zinapoingia nyuma ya ripita yenyewe, mwambie mtu abonyeze redio yake na aendelee kuongea. Ukitaka kupima ampea kwa mita ya kubana waya, hakikisha inasoma mkondo wa betri. Nyingi za bei rahisi husoma stima za ukutani peke yake, na zitakuonyesha sifuri huku waya una moto. Fanya hivyo jioni askari wanapopokezana zamu, kila geti likiripoti, kwa sababu saa hiyo ripita haipumziki.

Na betri je? Ripita ikirusha theluthi ya muda, wastani ni kama ampea 4. Betri ya asidi ya 100 Ah (ampea-saa) usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una saa 12 hivi. Anayekuahidi siku mbili kwa betri hiyo moja anauza betri.

Upande wa ukutani, ripita na chaja yake vikifanya kazi pamoja ni wati mia chache. Waya wa plagi wa 0.75 unatosha, ila toa ile fyuzi ya ampea 13 iliyokuja na plagi uweke ya 3, au ya 5 ikiwa chaja ni kubwa na waya unaibeba. Fyuzi inalinda waya. Ikiwa ya 13, waya mwembamba unaweza kuungua kabla haijakatika.

Betri nayo inataka fyuzi yake, ya 15 au 20, karibu kabisa na kichwa cha chanya. Ukiiweka karibu na ripita, mita zote za katikati zinabaki bila ulinzi, na betri ya ukubwa huo ikipigwa shoti inamwaga mamia ya ampea.

Dukani, kwangua ncha ya waya kwa wembe kabla ya kulipa. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, ni alumini iliyopakwa. Inapoteza volti zaidi ya shaba ya unene huo, na kwenye lagi, kile kichwa cha chuma kinachobana ncha ya waya, hulegea mapema. Rudisha, hata kama muuzaji anakuapia.