Kulala mzungu wa nne: niliyojifunza hosteli na geto

Muhula wangu wa kwanza chuoni niliulala wote na miguu ya mtu pembeni ya sikio. Kitanda kilikuwa chembamba, cha chuma, na sisi tulikuwa wawili. Kitanda cha namna hiyo hakina ujanja mwingine zaidi ya mzungu wa nne: yeye kichwa upande wa dirisha, mimi kichwa upande wa mlango, na anayetaka kugeuka anamgusa mwenzake kwanza. Kitanda kilikuwa chake. Mimi nilikuwa nimebebwa.

Mliosoma vyuo vya Dar es Salaam mnaijua hiyo lugha. Kwa mzazi ambaye haijui: kubebana ni mwanafunzi aliyepata nafasi hosteli kumlaza kitandani kwake mwenzake aliyekosa. Sheria za hosteli zinakataza, na bado watu wanabebana. Wazazi wengi wanadhani barua ya kuchaguliwa chuo inakuja na ufunguo wa chumba. Haiji. Hata pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako mwaka 2017 zilifunguliwa hosteli za Magufuli za kulaza wanafunzi 3,840, bado wapo wengi wanaopanga mitaani, Changanyikeni, Msewe na kwingineko. Chuo changu mimi sikitaji, maana nina maneno nacho, ila nacho vitanda vilikuwa vichache kuliko watu.

Kwa hiyo mdogo wangu unayefungasha begi sasa hivi, omba hosteli siku ileile mfumo unapofunguliwa, halafu nenda Dar kama mtu aliyekosa. Uwe na ndugu au rafiki wa sekondari ambaye umeshaongea naye kwa sauti, sio kwa meseji, kwamba ukikwama utafikia kwake. Na uwe na hela ya kula wiki za mwanzo ambayo haitegemei bumu, yaani ile hela ya mkopo wa wanafunzi. Niliona watoto wa watu wakishinda na chai kavu na maandazi mawili kwa sababu walifika na nauli tu, wakiamini watasaini mkopo kesho yake. Bumu la kwanza lina tabia ya kuchelewa.

Ukibebwa, jua umekuwa mgeni, na wahenga walishasema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Jembe langu lilikuwa ndoo mbili za lita ishirini. Maji yalikuwa yanatoka bombani alfajiri, kwa hiyo saa kumi na moja nilikuwa nimeshapanga foleni, na mwenye kitanda akiamka anakuta ndoo yake imejaa. Hakuniomba hata siku moja. Ila wenzake wa chumba, ambao hawakuniita na wala hawanijui, waliacha kuguna tangu wiki ya pili. Mbebwaji anayelala mpaka saa mbili huku wenye chumba wanachota maji hamalizi mwezi. Sabuni nunua yako, chumvi nunua yako, na wageni wako waishie nje kwenye vimbweta, yale mabenchi ya zege.

Ukaguzi nao upo. Usiku mmoja tulisikia mlango wa jirani unagongwa, "Fungueni, ukaguzi!" na nikatoka na ndoo na taulo kama mtu anayekwenda kuoga. Nilikaa bafuni gizani karibu saa nzima, maji hamna, nasikiliza matroni akihesabu watu. Nilikuwa na jaribio asubuhi. Sikuambii kwamba ubebwe au usibebwe, nakuambia tu kwamba aliyekubeba anahatarisha nafasi yake kwa ajili yako, na hilo ulikumbuke siku akikukwaza.

Mwaka wa pili nikapata chumba kihalali, dabo deka mbili, vile vitanda vya kupandana, watu wanne kwenye karatasi na sita kiukweli. Nikadhani shida zimeisha. Humo ndimo niliponuniwa wiki tatu nzima bila kujua kosa.

Tulikuwa tunaanika nguo za ndani na kanga chumbani, kwa sababu za nje zilikuwa zinatembea. Nilitundika kanga yangu mbichi kwenye kamba ya neti, juu ya kitanda cha chini, nikaenda kipindi. Ikadondosha maji taratibu mchana kutwa juu ya madaftari ya mwenzangu, na wino ukasambaa kurasa nzima. Yeye aliporudi aliondoa kanga, akaanika madaftari dirishani, akanyamaza. Mimi niliporudi nikaona kanga imekunjwa kitandani kwangu, nikasema moyoni, dada huyu ana roho nzuri. Kuanzia hapo salamu ikakatika. Nikimwambia "mambo", anatafuta kitu mkobani. Akipika wali, anapakua sahani tatu. Nikaanza na mimi kununa, nikawa nawasha taa usiku makusudi. Mpaka siku moja yule wa kitanda cha juu akachoka: "Nyie, mwambieni tu huyu habari ya kanga, mnatuchosha."

Siku hiyohiyo tulikaa wote sakafuni na karanga, tukasemezana. Yalitoka mambo ya ajabu. Kumbe alamu yangu ya saa tisa usiku, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa siisikii, inaamsha chumba kizima. Kumbe kuna mmoja anachukizwa na mtu kukalia kitanda chake na nguo za daladala. Kumbe sufuria la ugali lililolowekwa siku mbili ni langu. Taa tukakubaliana saa sita, anayesoma zaidi aende chumba cha kusomea. Mgeni wa kulala atangazwe asubuhi, sio usiku akiwa ameshavua viatu. Kikao kile tungekifanya Jumapili ya kwanza ya muhula, ningeokoa wiki tatu na urafiki ambao mpaka leo haujarudi sawasawa. Wewe kifanye mapema, hata ikionekana ushamba.

Halafu kunguni. Watu wanaona aibu kusema, ndio maana hawaishi. Kunguni hakai chumbani kwa sababu nyie ni wachafu, anakuja kwenye begi na godoro la mtu, na akishafika anaweza kukaa miezi bila kunyonya. Ukiingia chumba kipya, kabla ya kutandika, chukua tochi ya simu uangalie mishono ya godoro, matobo ya chuma cha kitanda na nyufa za ukuta. Ukiona vidoadoa vyeusi kama vya kalamu, ndio wenyewe. Dawa ya kupuliza inaua unaowaona, mayai yanabaki, na baada ya wiki moja au mbili yanaanguliwa, ndipo watu wanasema dawa ni feki. Kinachotakiwa ni kurudia, na vyumba vya jirani wafanye siku hiyohiyo. Nguo na shuka zichemshe, kitanda kimwagie maji ya moto kwenye viungo. Godoro kulianika juani nusu saa halafu kulirudisha ni kuwatembeza tu kunguni.

Mwaka wa tatu nikaenda geto, chumba cha kupanga mtaani, na wenzangu wawili. Uhuru ni mtamu, sikatai, lakini hesabu yake ifanye ukiwa na akili timamu. Enzi zetu mkopo wa chakula na malazi ulikuwa 8,500 kwa siku, na tangu mwaka wa masomo 2022/2023 umekuwa 10,000. Bumu la siku 60 ni 600,000. Linaonekana hela nyingi sana jioni ya kusaini. Sasa mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, dalali anataka ya mwezi mmoja, na kuna wanaodai hata hela ya kukuonyesha chumba. Chumba chetu kilikuwa 90,000 kwa mwezi, yaani 540,000 na 90,000 ya dalali, kabla hatujanunua hata ufagio. Tuligawana kwa watatu, 210,000 kila mmoja, na kila mmoja alilipa siku ileile hela ilipoingia, hata simu mpya hatujaitazama dukani. Wenzetu walioanza na simu walihamia sebuleni kwa watu.

Chumba usikikague saa sita mchana, wakati kila nyumba ni nzuri. Nenda saa mbili usiku, ushuke kituoni, utembee mwenyewe mpaka mlangoni uone taa zipo au hazipo. Muulize mpangaji, sio dalali, kama maji ni ya chumvi, luku ya umeme ni ya kwenu au mnachangia na mwenye friji, na geti linafungwa saa ngapi. Hilo la geti hatukuuliza. La kwetu lilikuwa linafungwa saa nne kamili, diskasheni zinaisha saa tano, na mzee alikuwa na usingizi mzito au alikuwa anajifanya. Na ukilipa, dai maandishi yenye jina, kiasi na tarehe, hata kama baba mwenye nyumba anakuita "mwanangu".

Cha mwisho ni kidogo. Ndoo yako iandike jina kwa rangi ya kucha. Ya kalamu inafutika, na ndoo zote za hosteli ni za bluu.