Maswali ya Wasomaji: Mabua mabichi, mahindi yenye mapengo

SWALI: Mhariri, mimi ni mkulima wa mahindi wilayani Kongwa, mkoani Dodoma. Msimu uliopita mvua ilikatika wiki tatu wakati mahindi yakitoa mbelewele. Mabua yalibaki mabichi, lakini nilipomenya nilikuta mapengo matupu, isipokuwa mashina machache yaliyozaa vizuri. Je, nikitunza punje za mashina hayo nitapata mbegu inayostahimili ukame?
Mkulima, Kongwa

JIBU: Pole sana, ndugu mkulima. Mapengo uliyoyaona yana chanzo kinachojulikana. Chavua, yaani ungaunga wa kiume wa ua, humwagika kutoka kwenye mbelewele, na kila uzi wa ndevu huipeleka kwenye punje moja. Maji yakitosha, ndevu huchomoza siku chache tu baada ya chavua kuanza kumwagika. Kiu ikibana wakati huo, ndevu huchelewa, pengine wiki nzima au zaidi, zikaja kutokeza chavua imekwisha.

Ndiyo maana watafiti hawadanganywi na ubichi wa bua. Katika kituo cha Kiboko, Makueni, nchini Kenya, mahindi ya majaribio hupandwa kiangazi na kumwagiliwa, kisha maji hukatwa kwa makusudi yanapokaribia kuchanua, zikahesabiwa siku kati ya chavua na ndevu, na koo (familia za mbegu) zenye siku chache na punje nyingi ndizo zinazoendelezwa. CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, ilianza kuchagua kwa namna hii nchini Mexico katika miaka ya 1970. Mbegu ya mahindi ya Katumani, iliyotoka Kenya miaka ya 1960, ina njia nyingine: hukomaa mapema, ikaukwepa ukame wa mwisho wa msimu.

Sasa mashina yako. Ikiwa ulipanda chotara, yaani mbegu ya kuchanganya koo tofauti, tafadhali usitunze punje zake, kwa kuwa kizazi kinachofuata hutawanyika kitabia na mavuno hushuka. Ikiwa ni mbegu ya uchavushaji huria, yaani isiyo chotara, ambayo mashina yake huchavushana yenyewe kwa yenyewe shambani, inawezekana, ila jihadhari na jambo moja ambalo limewapotosha wengi: shina lililostawi kando ya kichuguu au kwenye bonde dogo linaweza kuwa limebebwa na udongo, wala si mbegu. Ligawe shamba katika miraba ya hatua kumi kwa kumi, na katika kila mraba uchague mashina bora kuliko jirani zake, ukiyafunga kamba mapema, ndevu zinapotokeza pamoja na chavua. Wakati wa kuvuna, chukua mahindi ya mashina hayo yaliyojaa punje, mbali na mpaka wa jirani, nayo yasipungue mia mbili, ili ukoo usidhoofike. Rudia hivyo kwa misimu kadhaa.

Hata hivyo, kwa mvua za Kongwa ningekushauri utenge sehemu ya shamba kwa mtama. Aina ya mtama iitwayo Macia, iliyoidhinishwa nchini Tanzania mwaka 1999, ni fupi na huwahi kukomaa, na kwa kuwa mtama kwa kiasi kikubwa hujichavusha wenyewe, suke utakalolichagua litakuzalia watoto wanaofanana nalo kwa karibu zaidi kuliko hindi. Ulizia mbegu yake kituo cha utafiti cha Hombolo, mkoani kwako, kabla mvua za Desemba hazijaanza.