Kilomita kwa Lita: Namba ya Dashibodi Ilivyoubadili Mguu Wangu

Gari langu, dogo la injini ya cc 1500, lilifika Dar es Salaam likiwa limeshatumika Japani, na kioo kidogo cha dashibodi yake kilijaa maandishi ya Kijapani ambayo kwa miezi kadhaa sikuyajali. Nilipotambua kwamba "km/L" ni kilomita ninazokwenda kwa kila lita ya petroli, nilihamia upande wa pili wa kosa: niliitazama kupita kiasi, hata jioni moja nusura nimgonge mwenye bajaji pale Kimara, foleni iliposimama ghafla macho yangu yakiwa kwenye vistari vya kijani.

Tangu siku hiyo, nikiwa mjini hubakiza kwenye kioo ukurasa wa wastani tu. Namba ya papo hapo hairuhusu jicho kutulia, kwa kuwa kompyuta ya gari hukadiria petroli kutokana na muda ambao nozeli, yaani vitundu vinavyonyunyizia petroli kwenye injini, zimefunguka, kisha huilinganisha na mwendo wa wakati ule ule. Ndiyo maana ukisimama kwenye taa husoma sifuri, na ukiondoka kwa pupa huonyesha kilomita tatu au nne kwa lita, jambo linaloweza kumtia dereva huzuni isiyo na sababu.

Hata hivyo, namba hiyo hiyo ndiyo iliyonivunjia imani niliyorithi kwa madereva wakubwa, kwamba mteremko hushukwa kwa nyutro ili kuokoa mafuta. Nikishuka Kitonga kutoka Iringa, gari likiwa kwenye gia ya chini na mguu ukiwa mbali na pedali, niliona kipimo kimegota mwisho na kukaa hapo: nozeli zilikuwa zimefungwa, na magurudumu ndiyo yaliyokuwa yakiizungusha injini. Ukiweka nyutro, injini hulazimika kulishwa petroli ili isizime, na mzigo wote wa gari unabaki kwa breki, ambazo kwenye kona zile, lori likiwa mbele na basi nyuma, hupata moto upesi. Sasa hata mjini, nikiona taa nyekundu za Magomeni kwa mbali, naachia mafuta mapema na kuliacha gari lijongee lenyewe, daladala wa nyuma apige honi atakavyo.

Kwenye barabara ya Morogoro somo lilikuwa la mwendo. Nilipotoka mjini na kushikilia kilomita 80 kwa saa kila palipokuwa wazi, wastani ulifika 17. Wiki iliyofuata, nikiwahi msiba kwa mwendo wa 110, ulishuka hadi 14, kwa kuwa ukinzani wa hewa huongezeka mara nne mwendo unapoongezeka mara mbili.

Msiiamini namba hiyo kama risiti, lakini. Jaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe, rudisha kipimo cha safari kwenye sifuri, endesha kama kawaida, kisha jaza tena kwenye pampu ile ile na ugawanye kilomita kwa lita zilizoingia. Mimi nilikwenda kilomita 490 kwa lita 34, yaani 14.4, ilhali kioo kilidai 15.6. Rudisha pia wastani kila unapojaza, maana usiporudishwa kwa maelfu ya kilomita huwa mzito kiasi kwamba wiki nzima ya kuendesha vibaya haiutikisi. Na kama gari lako limetoka Ulaya, soma vizuri kipimo chake: rafiki yangu alifurahia namba iliyokuwa ikipanda kila siku, kumbe zilikuwa lita kwa kilomita 100.

Kiyoyozi nacho hula mafuta, na niliwahi kukizima saa saba mchana nikitafuta nusu kilomita ya ziada. Mke wangu alikiwasha tena bila kusema neno, na namba ikashuka.