Kuandika katuni za watoto: majibu ya maswali yenu

Sijui kuchora. Naweza kuandika katuni?

Unaweza. Wachoraji wapo, wanachotaka kwako ni kitendo kinachoonekana. "Tatu ana huzuni" haichoreki. "Tatu anasukuma sahani ya wali, anageukia ukutani" inachoreka.

Skripti ya kipindi cha dakika 11 ina kurasa ngapi, na hupita hatua zipi?

Mara nyingi 14 hadi 18. Huzidi ukurasa mmoja kwa dakika kwa sababu kila kitendo lazima kiandikwe. Hakuna mwigizaji wa kukibuni mbele ya kamera. Unaanza na wazo la nusu ukurasa. Likikubaliwa, unaandika muhtasari wa kurasa 2 au 3, kisha rasimu ya kwanza, ya pili, na kupiga msasa. Tafadhali usiruke muhtasari! Hadithi iliyopinda hunyooshwa hapo kwa jioni moja. Ikifika rasimu ya pili utabomoa kurasa zote. Sauti nazo hurekodiwa kabla wahusika hawajachezeshwa, kwa hiyo kubadili sentensi moja baadaye ni kumrudisha mwigizaji studio na kuchora midomo upya. Soma maongezi kwa sauti, saa ikiwa mkononi.

Mtayarishaji amesema skripti yangu ni ghali. Mbona haina hata mlipuko?

Hesabu wahusika wapya, mahali papya na nguo. Katika katuni za kompyuta, kila mhusika huundwa, hupakwa rangi na kuwekewa mifupa ya kumwendesha. Soko lililofurika watu, maji yanayomwagika, shujaa anayebadili nguo mara tatu: hayo ni majuma ya kazi ya watu wengine. Bakiza mandhari mbili tatu zilizokwisha kujengwa, umati usikike tu nje ya picha. Hadithi nyingi hunoga zaidi zikibanwa hivyo.

Kagua pia atakachoiga mtoto. Shujaa asichezee kiberiti wala soketi, hata kwa utani.

Nianzie wapi?

Andika skripti mbili kamili, moja ya wazo lako na moja ya kipindi unachokijua. Tazama Ubongo Kids, inayotengenezwa Dar es Salaam, ukiandika kila tukio limechukua sekunde ngapi. Fuatilia mashindano pia: Malenga Mulendema wa Zambia alichaguliwa mwaka 2015 katika shindano la studio ya Triggerfish ya Cape Town, na mwaka 2023 katuni yake, Supa Team 4, ikaingia Netflix.

Malipo yakoje?

Kwa kawaida ni kwa kipindi, kwa mafungu: muhtasari, rasimu ya kwanza, ya mwisho. Mkataba utaje idadi ya marekebisho yaliyomo kwenye bei hiyo, la sivyo utarekebisha bila kikomo, na useme jina lako litaonekana kwenye skrini.