Kabla hujapanda Elgon mwezi wa Desemba

Wiki hii msomaji mmoja wa Nakuru ameniuliza kama hudi moja nzito itamtosha Mlima Elgon mwanzoni mwa Desemba. Anasema baridi anaijua, amekulia Molo. Ndugu yangu, Molo iko kwenye mita 2,500 hivi. Koitobos, kilele tunachopanda sisi wa upande wa Kenya, kina mita 4,222. Kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka kama nyuzi sita. Piga hesabu mwenyewe, na upepo sijauweka.

Mimi ni mtu wa Kisumu, jasho ndiyo desturi yetu. Siku ya safari yetu ya Elgon, nilipotokea stejini na jaketi la mtumba kutoka Kibuye, lile lenye manyoya ndani, wenzangu walinicheka mpaka Kitale. "Mzee, unahamia Ulaya?" Nikanyamaza. Habari za Endebess, lango la Chorlim na kupanda msituni niziruke, si kitu.

Mvua ya mawe ilitukuta tukiwa tumeshapita msitu, kwenye nyasi ndefu na lobelia, ile mimea mikubwa ya milimani. Huko kiangazi huhesabiwa kuanzia Desemba hadi Machi, lakini mvua za vuli hazisomi kalenda. Mawe yalishuka mpaka njia ikapotea. Usiku mbingu ikatakata, na hapo ndipo baridi ilipoanza kazi. Alfajiri zipu ya hema ilikuwa imeganda, ikabidi niipulizie pumzi ndipo ifunguke. Nje kote kweupe. Lobelia zilikuwa bado zimefumba majani yake, maana usiku huyakunja kuikinga chipukizi ya katikati isiungue na baridi.

Yule aliyenicheka kuliko wote alilala na jinzi iliyoloa. Usiku wa manane tukasikia meno. Vifungo vya shati vilimshinda, ulimi ukawa mzito. Nikamvua nguo zote mbichi, nikamvisha sweta yangu ya akiba, boshori na glavu, nikamtia kwenye mfuko wa kulalia, akanywa chai yenye sukari nyingi. Akarudi sawa. Glavu sijaziona mpaka leo. Kwenye picha ya kileleni amezivaa yeye, na chini ameandika, "Tulijipanga." Haya.

Sasa ushauri. Kuwa na nguo kavu za kulalia na usiziguse mchana. Uloe, ulie, usiziguse. Ziwe za sufu, kwa sababu sufu hukupa joto hata ikipata unyevu, ila pamba hunyonya maji na kukuganda mwilini. Jinzi ni pamba. Hudi nyingi pia ni pamba. Hizo za kulalia zifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, wa kutumika tena na tena: plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga zetu tangu Juni 2020, na askari wa langoni hawabembelezi. Nguo kavu, narudia. Nyingine ni mbwembwe.

Mkiona mwenzenu anajikwaa na kuongea kama mlevi, sahau kilele. Mkingeni upepo, mvisheni vikavu, kisha mshusheni. Akiacha kutetemeka kabla hajapata joto, msidhani amepona. Hapo mwili umeishiwa nguvu, itisheni msaada haraka.

Vijana wetu wana shida moja: tunatafuta picha kabla ya sweta. Mtu yuko tayari kununua miwani ya jua ya bei, lakini soksi za sufu anaziona za wazee. Basi tuwe wazee, turudi nyumbani na vidole vyetu vyote. Na ile chupa mnayoita "ya kupasha mwili" ibaki Kitale. Pombe hutanua mishipa ya damu ya ngozini, unajisikia moto kumbe joto la ndani ndilo linalotoka.