Kwenda Paje na watoto: anza na kadi ya manjano

Dada, umeuliza uanze na nini kabla ya kutoka Nairobi Desemba kwenda Paje, Zanzibar, na watoto wa miaka 4 na 7. Anza na chanjo ya homa ya manjano. Anayetoka Kenya huombwa kadi ya manjano inayoonyesha amechanjwa, watoto pia, na chanjo huhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo usingoje wiki ya safari. Pasipoti zao zitazame leo.

Sasa bahari. Paje maji yakipwa huenda mbali sana, vinabaki vidimbwi, na humo ndimo hujificha wale wadudu weusi wa miiba. Mwanangu alimkanyaga mmoja, miiba ikakatikia unyayoni, usiku kucha hatukulala. Wanunulie viatu vya mpira vinavyobana mguu. Ndala hung'ang'aniwa na tope. Waulize wa hotelini maji hujaa saa ngapi, waogelee saa hizo. Wakipenda kushinda majini, mimi ningehamia Nungwi au Kendwa, kaskazini mwa kisiwa, huko maji hayaendi mbali hivyo.

Wabebee fulana za mikono mirefu, jua la mchana linachoma. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, Zanzibar imeipiga marufuku.