Menchov alianguka Roma, mbona akashinda?

SWALI: Mhariri, kijiweni kwetu Kirumba tunabishana. Denis Menchov wa Urusi alianguka siku ya mwisho ya Giro, mbio za baiskeli za kuzunguka Italia, akashindaje? Na kweli alivuliwa ubingwa? – Fundi baiskeli, Mwanza

JIBU: Kuanguka, alianguka. Giro d'Italia ya 2009 ilifungwa Roma kwa kilomita 14.4, kila mtu akikimbia peke yake kushindana na saa. Menchov alianza akiwa mbele ya mpinzani wake, Danilo Di Luca, kwa sekunde 20 tu katika muda wa jumla. Barabara ya mawe ililowa, na ikiwa imebaki chini ya kilomita moja tairi likateleza, akaserereka, baiskeli ikamtoka. Fundi wake akaruka garini na baiskeli ya akiba, akampandisha, akamsukuma. Akashinda Giro kwa sekunde 41. (Mafundi, jidaini!)

Baiskeli za mbio hizo mikono huegemezwa mbele, mbali na breki. Ukiyumba huwahi kushika. Nawe ukishuka Bugando mvua ikinyesha, punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake.

Giro hakuvuliwa, wala Vuelta (mbio za Hispania) aliyoshinda 2007. Yaliyofutwa ni matokeo ya Tour de France 2009, 2010 na 2012, kwa kasoro za pasipoti ya damu, yaani kumbukumbu ya vipimo vya damu inayofichua dalili za dawa haramu. Adhabu ya miaka 2 ilitangazwa 2014, akiwa ameshastaafu.